Kidole cha Bi. Nakabayashi na Mstari Nilioandika Mimi

Tarehe 31 Machi mwaka huu wa 2026, Bi. Nakabayashi Chizuru wa dawati la data anastaafu baada ya kuitumikia Maabara ya Picha za Tiba ya Tateno, hapa Toyama, kwa miaka thelathini na mitatu kamili. Aliingia akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, anatoka akiwa na sitini. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, siku theluji ilipoziba reli. Alifika saa nne kwa miguu, magoti yamelowa, akamwomba radhi hata mlinzi wa geti.

Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi niandike kwa sababu nilikuwa mkuu wake kwa miaka kumi na tisa. Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia, na sababu ninayo. Katika jalada la utumishi la Bi. Nakabayashi kuna ukurasa wa mwaka 2016 unaosema kwamba kosa lake ndilo lililosimamisha jaribio letu kubwa. Ukurasa huo ni wa uongo, na uongo huo ni wangu. Daktari wangu hana hakika kama nitaziona mvua za Juni. Nataka ukurasa ule utoke kabla yeye hajatoka.

Lakini nianze na kazi yake, kwa kuwa ndiyo fahari yetu.

Baba yake alikuwa dereva wa treni. Madereva wetu, kama mjuavyo, huinyooshea kidole kila taa ya njiani na kutamka kwa sauti wanachokiona, ili jicho lisije likalala huku mkono unafanya kazi. Chizuru alilelewa na sauti hiyo, akaja nayo kazini. Kabla ya kuruhusu programu yoyote ianze, alikuwa anakinyooshea kidole kioo cha kompyuta na kutamka: “Wagonjwa wanane! Vipande sitini na vinne! Kimo mia na ishirini na nane! Upana mia na ishirini na nane! Sawa!” Wiki ya kwanza tulidhani anagombana na mashine. Okuda, aliyekaa dawati la jirani yake, ndiye aliyethubutu kumchokoza.

“Dada, huwa inakujibu?”

“Haijibu. Ingekuwa inajibu ningeuliza kimyakimya.”

Kwa wasomaji wa ofisi ya utawala, ambao wamekuwa wakitulipa mishahara yetu bila kujua tunafanya nini, nieleze kidogo. Picha ya mapafu inayotoka kwenye mashine ya kupigia picha ni vipande vingi vyembamba vilivyopangwa kama mkate wa slesi, na kila kipande ni jedwali la namba. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, hakuna vipande wala majedwali. Namba zote zimelala kwenye mstari mmoja mrefu, kama shanga kwenye uzi. Umbo ni makubaliano tu ya mahali pa kukata uzi huo. Ukitaka umbo jingine unaweza kukata mahali pengine bila kugusa shanga hata moja. Ukitaka kuzihamisha shanga zenyewe, ili kilichokuwa cha mwisho kiwe cha kwanza, hiyo ni kazi tofauti kabisa. Anayefanya ya kwanza huku akihitaji ya pili hataonywa na mtu. Idadi ya shanga ni ileile, umbo linaonekana sahihi, na kompyuta inaendelea na shughuli zake kwa furaha.

Bi. Nakabayashi alikuwa anawafundisha wageni jambo hili kwa mayai. Aliyaandika namba kwa kalamu, moja hadi ishirini na nne, akayapanga mistari minne ya sita, kisha akawaagiza wayapange mistari sita ya minne. Nusu ya darasa walikuwa wanaanza kuyaokota moja moja upya kwa kufuata mpangilio wa namba. Nusu nyingine waliigeuza trei nzima ubavu. Aliwaacha wabishane mpaka wenyewe wagundue kwamba yai namba saba limekaa mahali tofauti kwenye kila trei.

“Dada, leo tunasoma au tunakula?” Okuda aliuliza mwaka mmoja, amesimama mlangoni na vijiti vyake vya kulia mkononi.

“Wanasoma. Wewe utakula yatakayopasuka.”

Vijana arobaini na mmoja wamepita kwenye mayai yale. Wengine leo ni wakuu wa maabara zao wenyewe, na nimesikia kwamba wawili kati yao nao hununua mayai kila Aprili, wageni wanapoanza kazi.

Sasa nifike kwenye mwaka 2016.

Mashine yetu ya kutambua vivimbe vidogo vya mapafu ilikuwa tayari, na hospitali moja ya mkoa jirani ilikubali kuijaribu. Picha za hospitali hiyo zilikuja na mpangilio tofauti na wetu: vipande, ambavyo sisi huviweka mwanzo, wao waliviweka mwisho. Ilitakiwa mistari michache ya msimbo, yaani maagizo ya programu, ya kuvileta mbele. Hiyo ilikuwa kazi ya dawati la Bi. Nakabayashi, lakini mimi nilikuwa kwenye treni nikitoka Tokyo, na nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba mkuu mwenye miaka sitini na minne bado anajua kuandika msimbo. Niliandika mstari mmoja tu. Badala ya kuzihamisha shanga, nilikata uzi upya. Nikamtumia kwa barua pepe, naye akauingiza kwenye programu kwa jina lake, kama ulivyokuwa utaratibu wetu siku zile.

Alinyoosha kidole. Vipande sitini na vinne, kimo mia na ishirini na nane, upana mia na ishirini na nane. Sawa. Kila namba ilikuwa mahali pake. Lakini nilipofika ofisini alinijia na ombi, akiniita Mwalimu kama tuwaitavyo wakuu wetu.

“Mwalimu, umbo limekubali. Naomba nifungue picha moja tu niitazame kwa macho kabla hatujawapelekea.”

“Namba zimelingana, Bi. Nakabayashi. Kuna cha kutazama tena?”

“Dakika kumi tu, Mwalimu.”

“Wanatusubiri kwenye simu. Peleka.”

Akapeleka.

Mashine yetu ilipewa wagonjwa kumi na mmoja waliojulikana kuwa na vivimbe, ikawaona wawili. Hakuna aliyedhurika, kwani madaktari walikuwa wameshazisoma picha zote wenyewe kabla ya jaribio. Lakini jaribio lilisimamishwa, na aibu ilikuwa yetu. Jioni hiyo alifungua ile picha aliyotaka kuifungua. Hapakuwa na mapafu. Palikuwa na michirizi tu, kama mvua ya upepo kwenye dirisha la treni. Alirudi nyuma mstari kwa mstari, akaukuta wangu. Alikuja ofisini kwangu, akaweka karatasi mezani, akaniinamia kichwa, akatoka.

Kwenye kikao cha uchunguzi mwenyekiti aliuliza picha ziliandaliwa na nani. Nilisema: “Dawati la data.” Ni kweli kwamba dawati la data ndilo lililoandaa picha, na nilijificha nyuma ya ukweli huo. Bi. Nakabayashi alisimama, akainama mpaka nywele zikagusa meza, akaomba radhi. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Muda wa kusimama ulikuwepo. Sikusimama.

Cheo cha mkuu wa dawati, ambacho kilikuwa kiwe chake, kilipewa mtu mwingine. Yeye alipelekwa ghala la filamu za zamani, ghorofa ya chini ya ardhi, akakaa huko miaka mitatu. Siku moja nilikutana naye kwenye lifti, nikataka kuanza kusema. Alinikata kwa upole.

“Mwalimu, lile jaribio linarudiwa Novemba. Tuhakikishe picha zimekaa sawa kwanza. Jina langu halina haraka.”

Nililichukua neno hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Nimelitumia kwa miaka kumi.

Na huko chini ndiko alikofanya kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Aliona kwamba kidole chake kilikagua umbo lakini hakikukagua kilichomo. Akatengeneza sanduku dogo la majaribio, la namba tupu ndani ya kompyuta: wagonjwa wawili, vipande vitatu, kimo tano, upana saba, vipimo visivyolingana hata viwili, na katika kila chumba chake namba inayotaja anwani yake yenyewe. Sanduku hilo hupitishwa kwenye programu kabla ya picha ya mgonjwa yeyote. Likitoka, unanyoosha kidole kwenye chumba kimoja na kuita anwani yake. Kama namba iliyomo ni nyingine, kazi inasimama. Okuda alilipandisha juu kwa siri, na jaribio la Novemba lilipita. Mkuu aliyenirithi mwaka 2019 alimrudisha Bi. Nakabayashi kwenye dawati lake wiki ya kwanza. Leo zahanati kumi na moja za vijiji vya theluji, ambako daktari bingwa hufika mara moja kwa mwezi, zinaitumia mashine ile, na hakuna picha inayoingia humo bila kutanguliwa na lile sanduku.

Mwezi uliopita nilimpelekea mkurugenzi wa maabara ile barua pepe yangu ya kwenye treni, ikiwa na tarehe na mstari wangu. Kisha nikamwomba Bi. Nakabayashi aje hospitalini nilikolazwa asome rasimu ya makala haya. Alikuja na machungwa, akavaa miwani, akaanza kusoma akinyoosha kidole. Alipofika kwenye jaribio akasimama.

“Umeandika vipande tisini na sita. Vilikuwa sitini na vinne, Mwalimu. Kama unaungama, ungama kwa namba sahihi.”

Nikasahihisha. Nikamuuliza kwa nini hakusema lolote miaka yote.

“Niliita ‘sawa’ kwa mdomo wangu mwenyewe,” alisema. “Hilo lilikuwa langu. Mstari ulikuwa wako. Nilisubiri kila mtu achukue cha kwake.” Akanimenyea chungwa, akalipanga kwenye sahani safu mbili, moja ya vipande vitano na moja ya vitano. “Kula.”

Jana mkurugenzi alinitumia nakala ya ukurasa mpya wa jalada. Nilijiinua kitandani, nikaunyooshea kidole na kuita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo: “Mwaka, 2016! Aliyeandika mstari, Hisamatsu Kohei! Aliyetaka kutazama, Nakabayashi Chizuru! Sawa!”

Muuguzi akachungulia. “Babu, unaongea na nani?”

“Nakagua,” nikamwambia.

Bi. Nakabayashi, kwa niaba ya maabara nzima, na ya wagonjwa ambao hawatalijua jina lako, asante. Unatoka na jalada safi kama ulivyoingia nalo. Pumzika, ule mayai yasiyoandikwa namba, na kila siku iliyo mbele yako ikae mahali pake.

Hisamatsu Kohei
Mkuu mstaafu wa kitengo cha uchambuzi wa picha