Tulipojifunza kwa Kuchungulia

Kwenye treni ya jioni, mbele yangu waliketi mzee aliyestaafu kutengeneza tovuti na binti mwenye kompyuta mapajani. Hawakujuana. Binti alilalamika kwamba kufikia kesho bosi anataka afiche msimbo, yale maandishi yanayounda ukurasa, watu wasiuige.

"Mwanangu, sisi tulijifunza kwa kuchungulia," mzee alisema. "Unafungua ukurasa wa mtu usiyemjua, unaangalia alivyousuka, unachukua. Kisha unamwandikia: ndugu, nimeiga menyu ya ukurasa wako. Anajibu: karibu, ila ina kosa, hii hapa nimeirekebisha."

"Siku hizi angekushtaki, baba."

"Tulidhani dunia nzima itakuwa darasa moja."

"Nikifukuzwa kazi, nitakula darasa?"

Mzee alicheka, akatazama dirishani. Mimi ninayesoma kompyuta jioni, na herufi bado nazitafuta kwa kidole kimoja, nilimwomba Mungu treni ichelewe kidogo, niendelee kuwasikiliza. Haikuchelewa. Iliposimama kwenye kituo cha mzee, tayari alikuwa wima, mkoba begani.

Binti akamgeuzia kompyuta. "Basi tazama, baba. Leo msimbo bado uko wazi."

Mzee akavaa miwani, akaketi tena. Milango ikafungwa.