Rebeka Chenge na Gunia la Haluli

Marehemu Rebeka Chenge alizaliwa Bujora tarehe 9 Mei 1953, binti wa mkulima wa pamba. Alisoma Kisesa, kisha Mwanza mjini, na mwaka 1976 akapata stashahada ya famasia. Alitumikia bohari ya dawa ya serikali hadi 1991, biashara zilipofunguliwa, akaanzisha duka la dawa Nyamagana.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Venant Mhoja. Walipendana, ila katika biashara hawakuwa kitu kimoja. Miaka ile wengi walidhani soko huria ni ruhusa ya kuuza chochote. Rebeka hakukubali.

Septemba 1994 Venant alileta dukani gunia lisilo na maandishi, aliloambiwa ni chumvi ya haluli, dawa ya kulainisha choo. Kwa Rebeka jina la mtaani halikutosha. Haluli ni MgSO₄·7H₂O. Salfeti ya zinki ni ZnSO₄·7H₂O. Zote hubeba molekuli saba za maji, zote humetameta kama vipande vya kioo, lakini ya pili hutapisha na kuunguza tumbo. Alikataa kuliuza. Venant akafoka kwamba wateja hawasomi fomula.

"Na matumbo yao hayasomi," Rebeka alimjibu. "Ndiyo maana nasoma mimi."

Jioni, nyumbani Ilemela, alimkuta mama mkwe wake, Bi Paskazia, aliyesumbuliwa na kufunga choo, ameshika kikombe. Venant alikwisha kumkorogea chumvi ile. Katika ukoo wetu mkwe hapokonywi kitu mkononi. Rebeka alipiga goti, akaamkia, akakichukua.



"Marahaba," alisema mama. "Leo nimekuwa mtoto wa kunyang'anywa?"

"Utanilaani baadaye, mama. Kwanza tutazame."

Alimimina kidogo kwenye glasi, akatia maji ya soda kaustiki ya kutengenezea sabuni. Utando mweupe ukajitokeza. Haluli ingebaki na weupe huo hata soda ikizidi. Akaongeza taratibu, weupe ukayeyuka wote, maji yakawa maangavu: ilikuwa salfeti ya zinki.

Bi Paskazia alimgeukia mwanawe. "Gunia lifukiwe," alisema. "Na shimo utachimba wewe."

Rebeka aliugua figo kuanzia Novemba 1997, akafariki hospitalini tarehe 17 Juni 1998. Ameacha watoto watatu, Alexander, Gladness na Nathaniel. Ameacha pia mumewe Venant, aliyetaka habari ya gunia isomwe hapa mazishini bila kupunguzwa. Na Bi Paskazia, aliye hai, anayetusikiliza.

Mungu ampe Rebeka pumziko la amani.