Kinu cha Ghorofa ya Juu

Ndani ya treni ya mjini Addis Ababa, Mwalimu Wubalem alijifanya amesinzia. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanafunzi mmoja wa kiume alikuwa akimlalamikia binti aliyekutana naye humo humo.

“Dada yangu, majirani zangu wa juu pale bwenini wanatwanga kahawa kila alasiri. Dari inatetemeka! Sisomi.”

“Kwani huna miguu? Panda ukawaambie.”

“Nimepanda mara nne. Nikifika tu, mmoja wao, Hirut, anasema, ‘Karibu, keti.’ Na mgeni hapewi kiporo. Wanatwanga nyingine.”

“Yaani unakwenda kushtaki kelele, unaongezewa kelele, halafu unakunywa?” Binti alibetua midomo. “Mwanaume mzima!”

“Kikombe kimoja tu.”

“Kimoja?”

“Vitatu,” kijana alikiri. “Cha tatu ndicho cha baraka. Utaondokaje kabla ya baraka?”

“Na bisi za kusindikizia kahawa ulikula?”

Kijana akatazama dirishani. Wubalem, aliyefundisha miaka thelathini, aliujua mtazamo huo. Bisi zililiwa.

“Umeyauza masikio yako kwa bisi! Mimi ningesimama mlangoni, niwape vidonge vyao, nigeuke.”

“Hujaisikia harufu ya kahawa yao, wewe.”

Treni ikasimama. Binti akainuka na dharau zake zote, akatundika mkoba begani. Kwa jicho moja Wubalem alimwona akimeza mate.

“Nitajie hicho chumba, nije niwaseme mwenyewe,” binti alisema akiwa mlangoni. “Wanaanza kutwanga saa ngapi?”