Ndugu Simeoni Alute na Benchi la Mwisho wa Baraza

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Kituo cha Afya,

Kwa heshima naandika kumuaga Ndugu Simeoni Alute, mhudumu wa wodi, anayestaafu tarehe 30 Juni 1975 baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu; tena naandika kulitetea benchi lake, ambalo imependekezwa lirudishwe kando ya vitanda.

Ndugu Simeoni alianza kwa kupiga deki. Hospitali kubwa ilipoanza kuturudishia wagonjwa waliopasuliwa magoti wapone karibu na kwao, kazi ya kuwasimamisha ikawa yake. Aliona mapema jinsi ndugu wenye huruma wanavyomponza mgonjwa: humwekea blanketi chini ya goti, likakaza likiwa limepinda, hukanda kwa samli kigimbi kilichovimba, ilhali uvimbe huo huenda ni damu iliyoganda, nayo haikandwi kamwe; mgonjwa hupelekwa kwa mganga wa kituo upesi.

Ndipo akalihamishia benchi la wageni mwisho wa baraza, hatua arobaini kutoka wodini, na kupiga marufuku kuamkiana kwingineko. Mchungaji na shehe wamelikalia pamoja, kila mmoja akimngoja muumini wake afike.

Mzee Mughwai wa Sepuka alikasirika. "Tangu lini mkubwa akaifuata shikamoo kwa miguu?"

Ndugu Simeoni akamjibu, "Tangu alipopewa magongo, baba. Wajukuu saba wanakungoja, na uji uko hukohuko."

Mzee alishinda kutwa bila kuamkiwa. Kesho yake alitoka, akapumzika mara nne njiani, akapokea shikamoo saba, kisha akamdai Ndugu Simeoni ya nane. Akalipwa. Mwezi uliopita alikuja mnadani akiswaga ng'ombe wake mwenyewe.

Leo Bibi Rahabu yuko siku ya tisa tangu apasuliwe, naye amefikia hatua ishirini. Benchi likirudi kitandani, binti zake watamlisha amelala, na goti lile litakaza.

Ndugu Simeoni, tunakushukuru. Ukalime mtama wako Ulemo kwa afya na amani, na magoti yako yakutii.

Ndugu Wajumbe, naomba mwamue kabla ya tarehe 30: benchi libaki lilipo, na Ndugu Marietha, anayekagua vidonda na vigimbi kila asubuhi, akabidhiwe usimamizi wake.

Damiani Gaspari,
Karani wa Mapokezi