Bingwa wa Mapigo

Chini ya kilima cha nyuma ya mtaa wao, huko Daegu, Korea Kusini, pana benchi moja refu, na pembeni yake mashine ya kahawa ya maziwa, ile ya vikombe vya karatasi. Kila asubuhi wazee watatu hukaa hapo wamevaa kama watu wanaokwenda kuvuka theluji, buti za mlima, glovu na fimbo za chuma, wakati kilima chenyewe vibibi hukipanda na vikapu vya mboga. Wa kwanza ni Injini, dereva mstaafu wa basi. Wa pili ni Daktari, ambaye maisha yake yote aliuza mizizi ya dawa ya ginseng na hajawahi kumdunga mtu sindano. Wa tatu ni Tak Byeong-ho, aliyejiunga nao mwezi uliopita baada ya kukaa ofisini mpaka kiti kikachukua umbo lake. Huyo ndiye wanayemwita Bingwa.

Ubingwa wenyewe aliupata bila jasho la ziada. Wote watatu wamevaa saa zinazohesabu mapigo ya moyo, zawadi za watoto walioko mbali, na sheria ya kijiwe ni kwamba wakishuka wanaonyeshana namba ya juu kabisa waliyofikia njiani. Mwenye namba ndogo ndiye anayewaletea wenzake kahawa. Tangu Tak aje, hajagusa kitufe cha ile mashine. Moyo wake haukuzoea hata ngazi za nyumbani, kwa hiyo ulidunda kuliko mioyo yote, saa ikawa nyekundu na kulia, na wenzake wakapiga makofi. Hakuna aliyekuwa amempigia Tak makofi tangu siku ya kustaafu.

Wasichokijua ni kwamba wakishuka, kabla ya kufika benchi, Tak hujitenga nyuma ya choo cha umma na kutapika. Leo alitapika mara mbili, na alipoinuka aliona giza. Akaamua pale pale kwamba basi, kesho atasema viatu vinambana. Aliogopa, maana hospitali walikwishamwambia waziwazi kwamba kile kiti kinamuua. Lakini aliona heri kurudi kwenye kiti kuliko kukiri mbele ya wale wawili kwamba bingwa wao hawezi.

— Lete mkono, Injini alimwambia. Mia moja na themanini. Unaona mambo hayo, Daktari? Mimi nimegota mia na ishirini, kama mtu aliyelala.

— Labda nilienda kasi mno, kaka, Tak alijaribu.

— Kasi mno ni nini? Basi likikaa gereji miaka, siku ya kwanza unalikanyaga mpaka litoe moshi wote. Ukilibembeleza, litakuzimikia barabarani.

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, huku akipuliza kahawa aliyoletewa na Injini. Alisema mambo ya basi ni ya basi. Moyo wa mtu mvivu ni kama mkwe anayelala mpaka saa nne, hauamki kwa kuambiwa taratibu, unaamka kwa kutishwa.

— Na kuna jambo vijana wa hospitali hawalisemi, akaongeza. Kila mtu amezaliwa na mapigo mabaya na mapigo mazuri. Mabaya yako juu, kama povu la supu. Bingwa anayatoa haraka haraka. Akiyamaliza, yatabaki mazuri matupu, ataishi mpaka atuchoke.

— Na kichefuchefu je? Tak aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani.

— Hayo ndiyo mabaya yenyewe yanatoka.

Injini alikubali mara moja, ingawa dakika moja tu iliyopita alikuwa mtu wa moshi. Akasema kesho Bingwa apande akikimbia, na wao watamsubiri kwa makofi. Tak alifungua mdomo aseme habari ya viatu. Kabla hajasema, alimwona mkewe akija, chupa ya chai ya shayiri mkononi.

— Baba Haerim, umesahau chai yako, Mi-ran alisema. Akawainamia wazee kwa heshima, akamtazama mumewe usoni, uso mweupe kama karatasi.

Injini alimpisha aketi. Akamweleza kwa fahari kwamba mumewe ni bingwa, hajawahi kushindwa.

— Ahsanteni kwa kumtunza, Mi-ran alisema. Ila nina swali dogo, maana nyumbani haniambii chochote. Hospitali walimwambia apande mwendo ambao anaweza kuongea na mtu. Sasa mkiwa njiani huwa mnaongea nini?

Watu hawa wanaweza kubishana kutwa juu ya bei ya figili, lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka neno lililowahi kusemwa kule juu. Kule juu walisikiana wakihema tu.

— Tunaongea tukishuka, Injini alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Tak aliona aibu, kisha akaona ahueni kubwa kuliko aibu.

— Mama Haerim, mimi huwa natapika, alisema. Kila siku.

— Najua. Nani anakufulia mashati? Haya, simama, twende wote. Nikikuuliza kitu ukashindwa kunijibu, tunasimama.

Walipanda polepole mpaka vibibi wa mboga wakawapita. Mi-ran alimuuliza kwa nini friji ya kimchi, ile ya kabichi za kuchachusha, haijatengenezwa mpaka leo, naye akajitetea. Mi-ran akamwambia kwamba goti lake yeye mwenyewe linamsumbua tangu majira ya baridi. Tak hakuwa na habari. Akamuuliza lini, upande gani, na kwa nini hakusema, na pumzi ilimtosha kwa maswali yote hayo. Saa ilikaa kimya mkononi.

Waliporudi, wazee walikuwa wangali pale, vikombe vitupu. Injini alivuta mkono wa Tak akaisoma saa.

— Mia na kumi. Umeshika mkia, Bingwa. Kileleni mlifika kweli?

— Hatukufika, Tak alisema. Maneno yalikuwa mengi.

Akaenda mashineni, akawaletea kahawa.