Kura ya Hina: Tumkumbuke Afande Khadija wa Nabuyonga

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mbale mjini, mlioko Jinja, na nyote mlio njiani kati ya miji hiyo miwili, sogezeni viti karibu na redio. Mimi ni Ronnie Wanyama. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake ni Khadija Nambozo. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Afande Khadija. Alifariki Jumatatu iliyopita kwa ugonjwa wa sukari, akiwa na miaka hamsini na sita. Amezikwa nyumbani kwao, chini ya mlima Wanale.

Afande Khadija hakuwa mbunge. Hakuwa sheikh, wala asingeweza kuwa. Lakini mwaka 1995 ndiye aliyesimamia uchaguzi wa imamu pale mtaa wa Nabuyonga, hapa Mbale. Narudia, kwa wale waliochelewa kufungua redio: mwanamke, askari jela mstaafu, ndiye aliyesimamia uchaguzi wa imamu. Ilikuwaje? Nitawaeleza.

Tuanzie Jinja. Khadija alifanya kazi ya jela miaka ishirini na mbili, na mingi kati ya hiyo aliitumikia Jinja, upande wa wafungwa wanawake. Wenzake karibu wote walikuwa Wakristo, watu wa kaskazini na wa Teso. Mmoja wao ni Afande Apollo Okiria, ambaye bado anaishi Jinja. Nilimfuata wiki hii. Akaniambia hivi:

"Mwaka wa tisini na moja askari tulikuwa wachache sana. Hakuna mtu wa kufungulia wafungwa waende kusali. Khadija akasema, mimi nitafungua. Ijumaa anafungulia Waislamu. Jumapili, siku yake ya kupumzika, anakuja anafungulia Wakristo. Anasimama nje mpaka nyimbo ziishe. Mimi nikamuuliza, Afande, hizi nyimbo zetu hazikusumbui? Akasema, hapana, nazihesabu tu. Wa nne ukiisha najua mnatoka."

Afande Apollo alicheka sana aliponisimulia hayo. Kisha akatoa kitambaa akafuta macho.

Mwaka 1993 Khadija alistaafu. Akarudi Mbale na mume wake, Mzee Swaibu Bogere, Msoga aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani Jinja. Wakajenga Nabuyonga. Machi 1994 ulikuja uchaguzi wa wajumbe wa kutunga Katiba, na Khadija akapewa kusimamia kituo kimoja cha kura kule Nkoma. Mtaani tulikuwa tumezoea kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Safari hii ilikuwa karatasi na sanduku. Binti yake, Mastula, anasema mama yake alirudi nyumbani jioni ile miguu imevimba, lakini anatabasamu. Alisema, "Leo nimeona mtu na bosi wake wanapiga kura, na hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wakati huo msikiti wa mtaani kwao ulikuwa umegawanyika makundi mawili. Imamu mzee alikuwa amefariki. Wakajitokeza wawili wa kumrithi. Mmoja ni Sheikh Umaru, mwingine ni Sheikh Zubairi. Wote wasomi, wote watu wazima wenye heshima zao. Lakini wafuasi wao hawakusikilizana. Ijumaa moja waligombania kipaza sauti mpaka mtu akavunjika mkono. Polisi wakaja, wakawatoa wote, wakafunga mlango. Tangu siku hiyo kundi moja likawa linasali barazani, na jingine kwenye uwanja wa ghala la kahawa ng'ambo ya barabara. Watu waliokua pamoja hawakusalimiana tena.

Novemba 1994, Mzee Bogere akafariki ghafla. Jeneza lake lilifikishwa mbele ya msikiti ule uliofungwa saa ya adhuhuri. Hawa wakasema, imamu wetu ndiye atamsalia. Wale wakasema, hapana, ni wetu. Jeneza likakaa juani. Likakaa mpaka alasiri ikakaribia. Mwishowe mdogo wa marehemu, aliyetoka Jinja kuja kuzika, akasimama mbele akasalisha yeye mwenyewe.

Khadija alikuwa nyumbani, ndani, pamoja na wanawake. Mastula alikuwa amemshika mkono. "Mama hakulia," anasema Mastula. "Aliuliza kila baada ya muda, 'Bado?' Nami namjibu, 'Bado, mama.' Mpaka leo neno hilo linaniuma."

Khadija akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa masheikh wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Hakuwalaumu. Aliwauliza swali moja tu: "Tutazikwa hivi mpaka lini?"

Kumbe kulikuwa na jambo jingine. Bwana mmoja wa ofisi ya serikali, ambaye jina lake nitalihifadhi, alikuwa amechoshwa na ugomvi huo. Mei 1995 aliwaita wazee wa pande zote mbili. Khadija naye akaenda, akakaa nyuma kabisa. Yule bwana akasema, "Mwezi ujao nitawateulia imamu mmoja, na mambo yataisha." Wazee wengine wakafurahi, kila mmoja akidhani atateuliwa wa kwake.

Khadija akasimama. Waliokuwepo wanakumbuka maneno yake hivi: "Bwana, mimi nimekula mshahara wa serikali miaka ishirini na mbili. Naiheshimu serikali. Lakini ukitupa imamu leo, mwaka kesho utatupa na khutuba."



"Basi mnataka nini, mama?" yule bwana akauliza.

"Tunataka ufunguo tu. Imamu tutamtafuta wenyewe."

Yule bwana hakukasirika. Aliwapa miezi miwili. Lakini aliweka sharti: wakipigana tena, hata ngumi moja, mlango utabaki umefungwa na imamu atamteua yeye. Hiyo ndiyo hatari waliyorudi nayo Nabuyonga.

Nani atasimamia? Kila jina lililotajwa lilikataliwa. Huyu ni wa Umaru. Yule ni wa Zubairi. Ndipo mzee mmoja wa kamati ya msikiti akasema jambo ambalo watu wanalicheka mpaka leo: "Mpeni Afande Khadija. Yeye ni mwanamke. Hawezi kutaka uimamu wenu."

Khadija akakubali, kwa masharti mawili. Kura iwe ya siri, na wanawake wapige. Hapo kelele zikaanza. Kijana mmoja msomi akasema kura ni mambo ya makafiri. Khadija akamjibu kwa upole, "Mwanangu, dini imetuamuru tushauriane. Sasa watu mia nne watashauriana vipi wakipiga kelele wote? Karatasi ni kushauriana bila kelele."

Mwingine, mtu mzima, akasema, "Mwanamke hasalishi wanaume. Kwa nini amchague imamu?"

"Na wewe hujatusalisha hata siku moja, mzee wangu," akasema Khadija, "lakini karatasi yako ya kura nimeshaiandaa."

Hata waliompinga walicheka. Wanawake wakaandikwa.

Yakabaki matatizo madogo madogo. Wasiojua kusoma watampataje mtu wao? Sheikh Umaru akapewa alama ya birika, Sheikh Zubairi alama ya taa. Na mtu atazuiwaje kupiga kura mara mbili? Serikali ilitumia wino kwenye kidole. Lakini wazee wakauliza, wino ule ukiganda kwenye kucha, maji ya udhu yatapita? Swali la kweli kabisa. Khadija alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu akatuma Mastula sokoni kununua hina. Hina haizuii maji.

Wanaume wengine walinung'unika. Hina ya harusi! Lakini wazee wawili watatu wenyewe walikuwa wamepaka ndevu zao hina, kwa hiyo hoja ikafa.

Ikafika Jumapili ya mwezi wa Julai, 1995. Mimi si Mwislamu, lakini nilikwenda kwa bodaboda kutoka Nkoma kutazama. Polisi wawili walikaa mbali, chini ya ukuta wa ghala. Khadija alisimama mlangoni na orodha yake, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya jela kooni. "Mmoja mmoja! Kunong'onezana hapana! Ukishaweka karatasi, kidole huku!"

Hina, wasikilizaji wapendwa, haishiki mara moja. Ukiifuta mapema, rangi haibaki. Kwa hiyo kila aliyepiga kura aliambiwa akae kwenye benchi barazani, kidole mbele, mpaka ikauke. Mabenchi yalikuwa manne tu. Watu wa Umaru na watu wa Zubairi wakabanana humo, bega kwa bega, vidole vimenyooka. Dakika tano kila mtu akatazama kidole chake. Kisha nikasikia mtu anamwuliza mwenzake, "Mama yako mguu wake umepona?" Na mwenzake anajibu, "Unaendelea vizuri. Alikuulizia." Hawa walikuwa majirani ambao hawakuwa wamezungumza kwa zaidi ya mwaka mzima. Huwezi kupigana ngumi na hina mbichi kidoleni. Sijui kama Khadija aliipanga hivyo. Nilipomwuliza baadaye alisema, "Mimi nilitaka tu wasipige mara mbili."

Kura zilihesabiwa baada ya alasiri, hadharani, karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Birika mia mbili na kumi na tisa. Taa mia mbili na saba. Zilizoharibika tatu. Narudia: Umaru mia mbili na kumi na tisa, Zubairi mia mbili na saba. Tofauti ya watu kumi na wawili.

 Polisi wakasimama. Watu wote walimtazama Sheikh Zubairi. Aliinuka polepole, akakung'uta kanzu yake. Akasema, "Magharibi inaingia. Nani anaadhini?"

Mlango ukafunguliwa. Sheikh Umaru akasimama mbele, na Sheikh Zubairi akasimama safu ya kwanza, nyuma yake. Nilikuwa nje. Niliona wanaume wazima wakijifuta machozi huku wakivua viatu.

Oktoba mwaka huohuo nchi ikapata Katiba mpya, na ndani yake imeandikwa kwamba Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Kulikuwa na Waislamu walioona hilo linawaweka pembeni, na walikuwa na sababu zao. Wakamletea Khadija maneno hayo. Mastula anasema mama yake aliendelea kuchambua mchele, akajibu, "Ile ofisi ilitaka kutuchagulia imamu, tukakataa. Sasa mnataka iichagulie nchi nzima dini?"

Imamu alipewa miaka mitatu. Mwaka jana, 1998, uchaguzi ulirudiwa. Khadija alikuwa tayari mgonjwa, akasimamia akiwa ameketi kwenye kiti. Safari hii Sheikh Zubairi alishinda, kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Sheikh Umaru mwenyewe alimkabidhi kipaza sauti. Polisi hawakuitwa. Hawakuhitajika. Sisi watu wa Mbale tuna mambo mengi ya kujivunia, lakini mimi hilo naliweka juu.

Juzi, baada ya maziko, nilikaa matangani na masheikh hao wawili. Sheikh Umaru alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Hajawahi kusema, lakini mimi najua. Afande alinipigia mimi." Baadaye kidogo Sheikh Zubairi akanisindikiza mpaka njiani. Akaangalia huku na huku. "Ronnie," akasema, "kura yake ilikuwa yangu, mara zote mbili. Nina hakika."

Nilimwuliza Mastula. Akasema hata yeye mama hakumwambia.

Kwa Mastula na ndugu zake, kwa ukoo wa Mzee Bogere kule Busoga, kwa maafande wa Jinja na kwa jamaa wote wa Nabuyonga, tunawapa pole. Mungu ampokee. Nasi tuliobaki, Waislamu kwa Wakristo, tukirudi kwenye misikiti yetu, makanisa yetu na vikao vyetu vya mtaa, tujiulize: yule aliyeshindwa kwenye uchaguzi wetu, tumemwachia nafasi kwenye safu ya kwanza?