Bi. Bernadeta Anastaafu, Tafadhali Tusimlishe Keki

Bi. Bernadeta Petro, mpishi mkuu wa shule yetu, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na miwili jikoni. Nimeombwa niandike wasifu huu mimi, Witness wa kidato cha nne, kwa kuwa ni bibi yangu na ninaishi naye Bigwa. Mwalimu Pili aliniambia, "Wewe kuongea huwezi, basi andika." Ni kweli. Kipaza sauti kinanitetemesha.

Bi. Bernadeta alizaliwa Mgeta, milimani, akashuka mjini akiwa msichana, akaanza hapa kwa kuchambua mchele. Polepole akakabidhiwa mwiko mkubwa. Waliosoma hapa wanamkumbuka kwa maharage yaliyoiva kweli, na kwa mdomo wake. Mwaka ule kuni zilipolowa mvua, wasichana wakaanza kugonga sahani, alitoka nje akawaambia, "Gongeni, gongeni! Kelele zenu zingekuwa zinawaka ningeshaivisha." Wakacheka, wakasubiri.

Lakini jiko halimwachi mtu hivihivi. Kuonja na kusimama miaka yote hiyo kumemwachia uzito, sukari, na magoti yanayogoma kwenye ngazi za stoo. Mwaka jana daktari wa Dar es Salaam alimwambia anafaa kupasuliwa, tumbo lipunguzwe ili ashibe kwa kidogo na uzito ushuke. Kufaa kwenyewe ni kazi: vipimo vya moyo, afisa lishe, hadi mtaalamu wa saikolojia aliyemuuliza kama anakula akiwa na huzuni. Bibi akajibu, "Mwanangu, mimi nakula nikiwa kazini." Maelezo mengi yalikuwa ya Kiingereza, nilimtafsiria mezani, mengine nikiyalainisha.

Bwana Twalibu wa stoo bado anamtania: "Mpishi mwembamba nani atamwamini?" Wengine wanasema ni njia ya mkato. Natamani waje nyumbani wauone huo mkato.

Nasema ukweli, tumechoka. Kabla ya upasuaji anatakiwa anywe vya majimaji tu kwa majuma mawili, ili ini lisinyae, daktari apate pa kupita. Mimi nachuja supu, yeye anainywa akiangalia ukuta, kisha anakuja hapa kuwapikia ninyi wali.

Mara ya kwanza tulishindwa. Ilikuwa komunyo ya kwanza ya mjukuu wake Fidelis, kule Mgeta. Mtoto alimletea kipande cha keki hadi mdomoni, vigelegele vikapigwa. Utakataaje mbele za watu? Wakafuata mawifi, kila mmoja na kipande chake kwenye kijiti: "Fungua mdomo, wifi, usituletee maringo ya mjini!" Baada ya keki ikaja pilau, na soda.

Hospitalini angeweza kunyamaza. Akasema mwenyewe, "Nimekula, daktari. Walinilisha." Wakapima, ini bado kubwa, tukarudishwa. Tukafika Chalinze, njiani kurudi nyumbani. Pale akasema tu, "Sijui kama haya magoti yatanisubiri tena."

Sasa amepangiwa upya, Jumanne ijayo. Na leo kuna keki. Nimeiona ofisini, ya ghorofa mbili, ina jina lake. Jana nilimfuata mshereheshaji nimwombe, nikaishia kumwamkia shikamoo na kuondoka. Najua kila idara itapanga foleni kumlisha, na Bibi hatakataa, kwa sababu kwao kukataa tonge ni kumkataa aliyelileta.

Kwa hiyo naomba hapa, kwenye karatasi mliyoishika. Leo yeye ndiye atulishe sisi. Ukishalishwa, mshike mkono, rudi ukakae. Usimrudishie kipande, hata kidogo, hata cha heshima.

Bibi, shule nzima inakushukuru. Mikononi mwako hakuna aliyelala njaa. Tunakuombea pumziko refu na miguu ya kukupandisha Mgeta bila kushikwa mkono. Na Jumanne wakishakulaza usingizi, Bibi, uamke.